Binti amegundua namsomea WhatsApp, sasa hanisemeshi

Swali: "Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kisauni, Mombasa. Binti yangu ana miaka 15, asoma shule ya kutwa. Mwaka jana mjomba wake aliyeko Doha alimletea simu. Usiku mmoja, yapata saa saba, niliamka kunywa maji nikaona mwangaza chini ya leso aliyojifunika. Kesho yake, akiwa bafuni, niliichukua ile simu nikaiunganisha WhatsApp yake na kompyuta yangu ya kazini. Nimesoma kila kitu kwa wiki tatu. Sikuona baya kubwa, ila kuna mvulana wa darasani kwao, na kuna habari za shogake ambaye wazazi wake wanaachana. Hilo la shogake nilimgusia mamake tulipokutana harusini, kwa nia njema. Siku mbili baadaye binti yangu akajua. Alinionyesha kwenye simu yake palipoandikwa kompyuta yangu na saa niliyoingia mara ya mwisho. Akasema, 'Mama, wanisoma kama gazeti,' akaingia chumbani. Ni siku kumi sasa, ni salamu tu. Babake asema simu ivunjwe yaishe. Kakake ana miaka 17 na hajawahi kutusumbua kwa simu. Je, nilikosea? Na nitamchunga vipi bila kumpoteza?"

Jibu:

Pole, mama. Siku kumi za shikamoo na marahaba ni ndefu sana katika nyumba ambayo jikoni na chumbani kumetengwa na pazia.

Nianze na ulilouliza wazi. Kutaka kujua mtoto wa miaka 15 anazungumza na nani saa saba za usiku si kosa, ni kazi yako. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na mtoto naye ni mtu. Kifungu cha 53 nacho kinampa mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, na kinaweka maslahi yake mbele katika kila jambo linalomhusu. Mimi huvisoma vifungu hivi viwili pamoja: una haki ya kuingia, lakini piga hodi.

Wewe hukupiga hodi. Hilo la kwanza. La pili ni zito zaidi, na katika barua yako umelipitisha kwa maneno mawili, "nia njema". Siri ya wazazi wa yule msichana haikuwa ya binti yako. Aliwekewa amana. Ukaichukua bila yeye kujua, ukaitoa ukumbini harusini, huenda sahani ya biriani ikiwa mkononi. Sasa shuleni yeye ndiye aliyetoboa, na hana namna ya kujitetea isipokuwa aseme, "Mamangu hunisomea." Fikiria umri ule, fikiria aibu ile. Nashuku kwamba hasira yake kuhusu mvulana ni ndogo kuliko unavyodhani. Kinachomuuma ni rafiki.

Kabla ya kukwambia la kufanya, kuna utafiti mmoja ambao huwasimulia wazazi karibu wote wanaokuja kwangu. Mwaka 2000, watafiti Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha matokeo ya kuwauliza vijana 703 wa miaka 14 nchini Uswidi, pamoja na wazazi wao, swali linaloonekana jepesi: mzazi anayejua mambo ya mwanawe anayajuaje? Watu walidhani jibu ni uangalizi, yaani mzazi anayeuliza sana na kuweka masharti ndiye anayejua mengi. Ikatokea kwamba sehemu kubwa ya anayoyajua mzazi ilitoka kwa mtoto mwenyewe, kwa hiari yake, bila kuhojiwa. Masharti na maswali vilichangia kidogo tu.

Najua Uswidi si Kisauni. Huko shangazi hana sauti nyumbani kwako, na jirani hakuletei habari za mwanao kabla hujavua viatu. Lakini katika miaka yangu ya kukaa na vijana wa mji huu, kutoka Likoni hadi Mtwapa, nimeliona hilo hilo. Mama anayejua ni yule anayeambiwa. Ukimpeleleza mtoto kwa siri, unapata ukurasa wa leo na unafunga kinywa cha miaka mitatu ijayo.

Na simu yenyewe itakukimbia. WhatsApp ina ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, na tangu 2023 ina njia ya kufungia mazungumzo kwa kufuli lake peke yake. Akitaka kujificha, atajificha. Mimi mwenyewe niliwahi kuipekua simu ya mwanangu wa kwanza, alipokuwa na miaka 16, siku aliyoiacha mezani akaenda mpirani. Nilikuta matusi ya utani ya vijana, basi. Aliporudi nikamfokea. Mwaka mzima baada ya hapo simu yake ilikuwa safi kama sahani ya mgeni, nami nikajiona mshindi. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba alikuwa na laini ya pili. (Ukitaka kujua laini ngapi za Safaricom zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, bonyeza *106#. Mimi siku hizo nilikuwa sijui.)

Sasa babake. Mwambie, kwa upole wako wote, kwamba simu isivunjwe. Hii si huruma kwa simu. Alikuja kwangu kijana mmoja wa miaka 16, nabadilisha mambo mawili matatu asijulikane. Mtandaoni alikutana na "msichana" aliyemtumia picha, akamwomba naye atume yake. Akatuma. Dakika chache baadaye "msichana" akawa mtu mwingine kabisa: tuma 500 kwa M-Pesa, la sivyo picha yako inakwenda kwa wote unaofuatana nao. Akatuma. Wakataka 1,500. Akauza viatu vyake vya mpira. Wakataka tena. Kwa siku tisa mtoto yule alikula mezani na wazazi wake, akaenda msikitini na babake, asiseme neno. Nilipomuuliza kwa nini, hakuzungumzia aibu kwanza. Alisema, "Baba angeichukua simu." Kitisho kile kile ambacho baba alidhani ni ulinzi ndicho kilichomfunga mdomo.

Kwa hiyo ahadi ya kwanza ambayo mwanao anapaswa kuisikia kutoka kwenu wawili, na babake awepo, ni hii: "Ukiniletea tatizo lililoanzia kwenye simu, simu haitachukuliwa kwa sababu umeniletea." Na mtaiweka. Atawajaribu kwa jambo dogo kwanza, vijana hufanya hivyo, na nyuso zenu siku hiyo ndizo atakazozisoma.

Kuomba radhi kuje kabla ya kanuni yoyote. Usimwite sebuleni kama mshtakiwa. Mchukue siku ya jioni muende Laitihausi, mnunulie mihogo ya kukaanga, mkae ukutani mkitazama bahari. Maneno mazito huwa mepesi mkiwa mmetazama upande mmoja. Mwambie kitu kama hiki: "Niliogopa nilipoona mwangaza usiku ule. Nilipaswa kukuuliza, sikukuuliza. Nikakusomea kwa siri. Kisha nikatoa siri ya rafikiyo, na hilo nimekuharibia wewe na yeye. Nisamehe." Ukomee hapo. Usiongeze "lakini na wewe". Wazazi wengi huharibu radhi nzuri kwa neno moja hilo. Kisha mpe simu yake mkononi, afungue pale penye vifaa vilivyounganishwa, na yeye mwenyewe aiondoe kompyuta yako. Aondoe yeye, wewe ukiwa umekaa. Inachukua nusu dakika, nami nimeona mabega ya watoto yakishuka wakati huo.

Asiposema kitu, usimsukume. Amekaa kimya siku kumi, hatalainika kwa sahani moja ya mihogo.

Baada ya wiki hivi ndipo mzungumze utaratibu, na hapa nina neno ambalo huenda hutalipenda. Umeandika kwamba kakake "hajawahi kutusumbua kwa simu". Umewahi kuiangalia? Saa saba usiku, leso yake ina mwangaza au haina? Yule kijana niliyekusimulia alikuwa mvulana, na wazazi wake nao waliniambia hajawahi kuwasumbua. Hapa kwetu binti huchungwa kwa ajili ya heshima ya nyumba, na mvulana huachwa mpaka lizuke la kuzuka. Binti yako anaona hilo kila siku. Ukimwekea kanuni peke yake, hata iwe nzuri vipi, ataisoma kuwa ni kanuni ya kuwa msichana. Ziwekeni kwa wote wawili, mlegeze kidogo kwa mwenye 17 kwa sababu ya umri, na mseme wazi kwamba ni umri.

Kanuni ninayoithamini kuliko zote ni moja, na haihitaji programu yoyote: simu hazilali vyumbani. Saa tatu na nusu usiku, zote kwenye chaja, sebuleni, juu ya kabati la vyombo au popote panapoonekana. Zote maana yake pamoja na yako na ya babake. Hapo ndipo akina baba huanza kukohoa. Kazini wanaweza kunitafuta, wanasema. Basi iachwe na sauti, italia, utaamka. Watoto nao watasema wanaihitaji kwa kengele ya asubuhi. Kanunue saa ya mezani Marikiti. Na kama nyumba yenu iko karibu na msikiti, kama nyumba nyingi za Kisauni, adhana ya alfajiri haijawahi kuishiwa na betri. Kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kwa muda wa saa nane hadi kumi, na mengi ya kujutia hutumwa katika zile saa ambazo kila mtu mwingine amelala. Ukiishika kanuni hii moja na ukaacha nyingine zote, bado umefanya kubwa.

Programu za uangalizi zinafaa, mradi mtoto ajue zipo na ajue zinaonyesha nini. Kama simu yake ni ya Android, Family Link ya Google itakuonyesha programu anazotumia na kwa muda gani, itakuomba ruhusa akitaka kupakua mpya, itafunga simu saa mtakazokubaliana, na itakuonyesha alipo. Haikusomei jumbe zake, na yeye kwenye simu yake anaweza kuona ni yapi wewe unayaona. Hilo ndilo naliona zuri: kila mmoja anajua mpaka uko wapi. TikTok nayo ina njia ya kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto. Instagram, tangu 2024, imeanza kuwaweka wenye umri wake katika akaunti za vijana: zimefungwa kwa wageni, arifa hunyamaza kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza masharti hayo bila mzazi kukubali.

Lakini yote hayo hutegemea mwaka wa kuzaliwa uliojazwa siku ya kufungua akaunti. Watoto wengi walijiandikisha wakiwa na miaka 10 au 11, na kwa kuwa mitandao hii hutaka mtu awe na 13, wakadanganya. Mtoto wa 15 huenda kwenye TikTok ni mwanamke wa 24, na ulinzi wote unampita pembeni. TikTok, kwa mfano, haimruhusu aliye chini ya 16 kutumiana ujumbe wa faragha, lakini huyo wa 24 anatumiwa na yeyote. Kwa hiyo jambo la kwanza la kukaa naye bega kwa bega si kusoma jumbe, ni kuangalia mwaka gani ameandika, na kuurekebisha. Kwenye WhatsApp mwonyeshe mahali pa kuzuia watu asiowajua wasimwingize kwenye magrupu, na pa kunyamazisha simu za nambari ngeni. Huenda akakuonyesha yeye. Mwache akuonyeshe. Mimi huwaambia wazazi wajifanye hawajui, ingawa wengi hatuhitaji kujifanya.

Jambo moja nakuomba usilifanye, wala babake asilifanye kwa hasira. Mjini kuna mafundi watakaokwambia, kwa elfu moja au mbili, wanaweza "kumuwekea mtoto kitu" ili uone kila anachoandika na kila picha anayopiga. Usimpe fundi simu ya mwanao. Programu za aina hiyo mara nyingi hutaka kinga ya simu izimwe kwanza, kisha hupeleka jumbe na picha kwenye kompyuta za watu usiowajua. Umefunga dirisha dogo ukafungua lango. Na huyo fundi aliyeiweka, nani amekwambia naye haoni?

Je, kuna siku ya kufungua simu bila hodi? Ipo. Ukiona mtoto ana vitu vipya asivyoweza kueleza vimetoka wapi, amekuwa akitoweka, kuna mtu mzima anayemtafuta kwa siri, amepanga safari asiyokwambia, au amesema au kuandika kwamba hataki kuishi, usingoje mihogo ya Laitihausi. Fungua. Kisha mwambie siku hiyo hiyo kwamba umefungua na kwa nini. Mwangaza wa saa saba, peke yake, haukufika hapo. Ulistahili swali.

Na ukikuta kweli kuna mtu anamtisha au anamdai picha, msilipe, maana huwa hawaachi baada ya kulipwa. Msifute mazungumzo kwa hasira wala kwa aibu. Nambari, majina ya akaunti na jumbe za malipo ndivyo vitakavyohitajika. Picha zenyewe za mtoto usimtumie mtu yeyote, hata shangazi, hata kwenye grupu la familia kuomba ushauri. Chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 picha chafu za mtoto ni kosa kuzisambaza, na anayeumia zaidi kila zinapopita ni yule yule mtoto. Peleka simu yenyewe polisi. Sheria ya Watoto ya 2022 inataja unyanyasaji wa mtandaoni kuwa kosa, kwa hiyo asikwambie mtu kwenye kaunta kwamba hayo ni mambo ya watoto. Nambari 116 ya Childline Kenya hupigwa bure, na mwanao anaweza kuipiga bila wewe. Mpe aihifadhi. Ukijua ana pa kukimbilia hata siku ambayo hawezi kuja kwako, utalala vizuri zaidi.

Utaratibu wowote mtakaokubaliana, uandikeni kwenye karatasi na tarehe ya kuutazama upya. Mimi hupendelea mwisho wa kila muhula. Kama usiku umeenda sawa na hakuna lililofichwa, kitu kilegezwe: nusu saa zaidi, au kuonekana alipo kuzimwe mwisho wa wiki. Mtoto anayeona kamba ikilegea kila muhula hana sababu kubwa ya kuikata.

Kuhusu mvulana wa darasani hukuniuliza, lakini nimelisikia swali. Kwa maelezo yako ni mazungumzo ya watoto wa darasa moja. Mwache. Akitaja jina lake mwenyewe siku moja akiwa anaosha vyombo, jibu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kulisikia, na uulize swali moja tu, lisilokuwa la ukoo wake.

Limebaki la rafikiye. Natambua kishawishi cha kumpigia mamake sasa hivi uyaweke sawa. Usipige. Umeshalizungumza hilo mara moja bila ruhusa. Mwulize binti yako: "Ungependa nifanye nini?" Huenda akakutaka umwambie yule msichana, kwa kinywa chako, kwamba aliyesoma na aliyesema ni wewe. Itakuwa ngumu kwa mtu mzima kumwambia mtoto wa watu maneno hayo, pengine mlangoni kwao, mamake akiwa ndani. Akikutaka uende, nenda. Akisema usiende, kaa.